Maneno ya nani, picha ya nani: namna ya kusema AI imefanya nini kwenye kazi yako

Siku hizi ukiposti kitu kizuri tu, liwe shairi, hadithi ya sauti ama posta ya harusi, hazipiti komenti nyingi kabla mtu hajauliza "hii ni wewe ama ni AI?", na wengi wetu tunajibu "ah, nimesaidiwa kidogo tu" alafu tunanyamaza. Jibu hilo halimwambii mtu kitu, manake kidogo yako si kidogo yangu. Wewe kidogo yako ni kusahihisha herufi, mwenzio kidogo yake ni kuandikiwa hadithi nzima, yeye akabadilisha jina la mhusika kutoka John kuwa Juma.

Kwa hivo naandika hapa namna ya kulisema hili jambo likaeleweka, kwa yeyote anaeandika, anaechora, anaeimba, anaekata video, hata nyinyi wa matangazo ya hoteli za Nyali na Bamburi. Neno langu kubwa ni moja: usitaje kiasi, taja kazi. Nani kafanya nini, bas.

Na si jambo geni kwetu pwani. Ukipigwa wimbo wa taarab mtu mzima atakuuliza maneno ya nani, sauti, yaani mahadhi, katia nani, na kaimba nani, na hao wanaweza kuwa watu watatu mbalimbali na hakuna alietoka pale kadhalilika. Mwimbaji haoni haya kusema maneno si yake. Sasa AI nayo ikiwa imeshika moja ya hizo kazi, itaje kwa kazi ilioshika, usiifiche na wala usiipe sifa za watu.

Asilimia ziache kabisa. Januari 2024 mwandishi wa Japani, Rie Kudan, alishinda tuzo ya Akutagawa, tuzo kubwa ya fasihi kule kwao, akasema kama asilimia 5 ya kitabu chake ni maneno yaliyotoka ChatGPT, ile AI ya kuandika, na ile namba ikazunguka dunia, watu wakagombana, wengine hata kitabu hawajakiona. Mtoto wa watu kasema ukweli wake, lakini namba haikuonyeshi ni wapi, ni yale mazungumzo ya katikati ama ni ule mwisho unaoliza watu? Kama hadithi yako ina roboti na maneno ya roboti umeyatoa kwa AI, sema hivo hivo, "anapoongea roboti ni AI imeandika, kwengine kote ni mimi", na hakuna wa kukuuliza hesabu.

Anza na noti, si na lebo

Lebo, yaani ule mstari wa kusema nani kafanya nini, haiandikwi siku ya kuposti. Siku ya kuposti ushachoka, ushasahau, na kila kitu unakiona chako. Fungua noti moja kwenye simu kwa kila kazi, na kila ukitumia AI andika mstari: umeomba nini, imekupa nini, wewe umefanya nini nacho. Usiandike kwa Kiswahili cha mtihani, andika vile utaelewa mwenyewe. Tuseme unatengeneza hadithi ya sauti ya watoto kuhusu feri ya Likoni, noti yako itakuwa hivi:

Wazo na hadithi: mimi.
Majina ya samaki: nimemuuliza mvuvi.
AI imenipa vichwa kumi vya hadithi, nimekataa vyote.
AI imefupisha sura ya pili, nimebakisha mistari miwili, mengine nimerudisha yangu.
Sauti: binamu yangu.
Picha ya jalada: AI, maelezo nimeandika mimi, nimefuta abiria wa nyuma walikuwa na vidole sita.

Ukishakuwa na hio noti lebo inajiandika yenyewe: "Hadithi nimeandika mimi, mistari miwili ya sura ya pili imefupishwa na AI. Msomaji ni binamu yangu. Picha ya jalada imetengenezwa na AI." Vile vichwa kumi ulivokataa huna haja kuvitaja, havimo kwenye kazi. Watu wengine wanataja kila kitu mpaka lebo inakuwa ndefu kuliko shairi, hio nayo ni njia ya kuficha.

Na rasimu usifute. Ukiandika Google Docs inahifadhi matoleo ya nyuma yenyewe, ukiandika kwa daftari piga picha kila ukurasa uliokatakata, ukitunga kwa mdomo zile voisi noti ziache kwenye simu. Nitakwambia mbele zinafaa nini.

Mpaka uko wapi

Kusahihisha tahajia, kupunguza kelele za bodaboda kwenye rekodi, kuongeza mwanga kwenye picha, hayo usijisumbue nayo. Mabishano yanaanza pale AI imeingiza maneno yake, sura yake ama sauti yake ndani ya kazi. Amazon kwenye huduma yake ya kuchapisha vitabu, KDP, tangu Septemba 2023 inataka uwaambie kama maandishi, picha ama tafsiri imetolewa na AI, na kanuni yao ni kali: AI ikiwa ndo ilioandika, hata ukihariri vipi baadae, bado inahesabika ni ya AI. Ukiandika wewe alafu AI ikakusafishia, si lazima uwaambie. Mimi nakubaliana nao, manake "nimeibadilisha sana" ndo kauli ninayoisikia kila siku na ukiangalia hicho kilobadilishwa unakuta ni viunganishi.

Tuchukue ubeti tuone kwa karibu. Umeandika:

Feri imejaa watu, magari yamepangika,
Mawimbi yapiga kwetu, na jua...

Hapo umekwama. Ukaiambia AI ikupe vitenzi vinavoishia na -ka vinavokaa na jua, ikakuletea linawaka, linafifia (ambalo hata kina halina), linatoweka. Ukachukua "linatoweka", ukahesabu kwa vidole, na-ju-a-li-na-to-we-ka, nane, imeenea. Shairi hilo ni lako. Ungeweza kumuuliza jirani ukapata neno lilelile. Ukitaka kutaja taja, usipotaja hakuna alieibiwa kitu.

Sasa geuza. Umeiambia "niandikie ubeti kuhusu feri ya Likoni" ikakupa "Mawimbi yanapiga pwani, na jua linazama polepole", upande mmoja mizani (silabi) 9, wa pili 11, kina cha kati kimepotea njiani. Wewe fundi ukakaa ukaikata ukaiunga mpaka ikawa nane kwa nane. Umefanya kazi, sikatai, tena kazi ya ujuzi, ila hio ni kazi ya mhariri, mtunzi humu si wewe. Andika "rasimu ya AI, mizani na vina nimerekebisha mimi". Watu wa mashairi watakucheka kidogo, wacha wacheke, kesho ukisema "hili nimetunga mwenyewe" watakuamini.

Tafsiri pia iseme. Mtu anaandika skripti kwa Kiingereza, AI inaigeuza Kiswahili, alafu juu anaweka "imeandikwa na" jina lake. Mzee wa Kibokoni, kule Mji wa Kale wa Mombasa, akisikia sentensi mbili tu ashajua hakuna mtu anaeongea hivo. Bora useme mapema "nimeandika kwa Kiingereza, tafsiri ni ya AI, nimeipitia", angalau lawama ya Kiswahili kibovu mgawane.

Kwa mashindano na majarida soma sheria zao kwanza, usilete zako. Wengine hawataki AI hata ya kupata wazo. Jarida la hadithi la Clarkesworld kule Marekani Februari 2023 lilisimamisha kwa muda kupokea hadithi kwa sababu lilifurikwa na za mashine, na wahariri wengi tangu hapo hawana subira.

Maneno ya lebo

Tumia vitenzi vya kawaida: imeandika, imechora, imetafsiri, imesoma, imefupisha, imepaka rangi. Yale ya "kwa ushirikiano na AI" ama "imewezeshwa na teknolojia ya kisasa" ni maneno ya brosha, msomaji hatoki na kitu. Na usiandike "AI" ukanyamaza kwenye kazi yenye sehemu nyingi, manake mtu atachukulia zote. Umetunga wimbo usiku kucha, picha ya jalada tu ndo ya AI, ukaweka alama ya AI bila maelezo, ushajiibia mwenyewe.

Picha za mahali ndo zinahitaji uangalifu zaidi hapa kwetu. AI ukiiomba Mji wa Kale mara nyingi inakuletea kijimtaa cha Moroko, milango ya matao ya buluu, roshani ambazo hazijawahi kuwepo Ndia Kuu, na mtalii anauliza ni wapi apige picha pale pale. Kwa picha kama hio kusema "picha ya AI" haitoshi, ongeza "mahali hapa hapapo". Ukichukua picha halisi ya Fort Jesus alafu ukaongeza mawingu na majahazi kwa AI, sema "picha nimepiga mimi, mbingu na majahazi yameongezwa na AI". Mtu ajue ukuta ni wa kweli na majahazi si ya kweli.

Pa kuiweka

Weka mstari wa kwanza wa kapsheni, kabla ya pale simu inapokata na kusema ona zaidi. Sio mwisho baada ya alama za reli kumi na tano. Tena kwa sisi, kazi haikai pale ulipoiposti, dakika tano ishadakuliwa imeenda stetasi, imeingia grupu la familia, kapsheni imebaki nyuma. Kwa hivo lebo iwe ndani ya kitu chenyewe: kwenye picha andika kwa herufi ndogo zinazosomeka pembeni, kwenye video iweke sekunde za mwanzo, kwenye hadithi ya sauti isome kwa mdomo kabla hujaanza.

Kuna ile teknolojia ya C2PA, ilianzishwa 2021 na kina Adobe, Microsoft na BBC, inabandika ndani ya faili habari za picha imetoka wapi na imefanyiwa nini. Ni kitu kizuri, kama programu yako inayo iwashe. Lakini usiitegemee peke yake, picha ikipita WhatsApp ikabanwa, ama mtu akipiga skrinshoti, zile habari mara nyingi zinapotea.

Na kama wewe ni mtu wa tenzi una pahali pazuri zaidi. Watunzi wa zamani walikuwa wakijitaja kwenye beti za mwisho, jina, ukoo, mwaka wa Hijria, wengine hata idadi ya beti. Nawe malizia hivo:

Maneno yote ni yangu
yametoka kichwa changu
picha si mkono wangu
mashine imezichora.

Hapo hata akidakua nani, lebo haikatiki bila kuharibu utenzi.

Vile vitufe vya mitandao

YouTube tangu Machi 2024 inataka ubonyeze pale penye maudhui yaliyobadilishwa kama umetengeneza kitu kinachoonekana cha kweli na si cha kweli, mtu anasema maneno hajasema, jengo linaungua na haliungui. TikTok ilileta lebo yake 2023. Bonyeza, usikae unafikiria itapunguza watazamaji. Ila elewa kitufe hakikumalizii kazi: YouTube haikuulizi kama skripti imeandikwa na AI, wala katuni ambayo kila mtu anaona ni katuni, wao wanajali mtazamaji asidhani ni tukio la kweli. Nani katunga ni swali jengine na hilo unalijibu wewe kwa maneno yako. Na lebo za kubandikwa na mashine zinakosea, Meta, wenye Facebook na Instagram, 2024 ilikuwa ikiwawekea wapiga picha lebo ya kwamba picha imetengenezwa na AI wakati wamefuta doa tu, wakalalamika, Julai ikabadilisha maneno. Ukikuta umebandikwa hivo, andika chini yake hasa ulichofanya.

Sauti ya mtu

Hapa nataka unisikilize vizuri. Kuiga sauti kwa AI saa hizi ni rahisi, unahitaji klipu fupi tu, na vijana wanachukua sauti ya mwimbaji wa taarab aliefariki wanamuimbisha wimbo mpya alafu chini wanaandika "sauti ya AI" wanaona wameshamaliza. Hujamaliza. Kusema umechukua si ruhusa ya kuchukua. Mwenyewe akiwa hai muombe, akiwa kafariki nenda kwa familia, na uende na ile klipu waisikie, usiwaelezee kwa maneno, manake mjane akisikia mumewe anaimba kitu hajawahi kuimba si sawa na kuambiwa. Wakikataa wamekataa. Wakikubali andika yote mawili, "sauti imeigizwa na AI, kwa ruhusa ya familia", na hayo maneno yawe mwanzo. Kwa walio hai, Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inaitaja mpaka utambuzi wa sauti kwenye data za kibayometriki, kwa hivo usidhani sauti ni kitu cha njiani.

Mahubiri na mawaidha usiguse. Sauti ya shekhe ama mchungaji ikitamka alichokuwa hajasema, hata uweke lebo kubwa kama bango la Makupa, itakatwa na itasambaa bila hio lebo.

Mkiwa na mteja

Usingoje aulize. Mwambie kabla ya kulipwa, kwa maandishi, na kwa WhatsApp inatosha. Kwa mfano: "Assalaam aleikum dada, kadi yenu ya harusi maneno nitaandika mimi, maua ya pembeni nitayatoa kwa AI, picha zenu wenyewe sitazigusa sura. Kama hamtaki maua ya AI nitamtafuta mchoraji, bei itapanda kidogo na itachukua siku zaidi. Niambie mnapendelea lipi." Wengi watasema endelea tu. Wachache watasema hatutaki, na hao ndo wale wangekuja kugomba siku ya arusi.

Kama mteja ana wageni wa Ulaya, hoteli za Diani na Malindi mnanielewa, mkumbushe kuna sheria ya AI ya Umoja wa Ulaya, ilianza kuwa sheria 1 Agosti 2024 na vifungu vyake vinaingia kwa awamu, na kifungu cha 50 kinadai picha, sauti ama video za AI zinazofanana na watu, mahali ama matukio ya kweli zitangazwe. Kwa kazi za sanaa wamelegeza, unatangaza kwa namna isioharibu utamu wa kazi, lakini tangazo la chumba chenye bahari ambayo AI ndo ilioisogeza karibu si sanaa, hio ni biashara.

Haki yako humo

Wanaoogopa kutaja AI wengi wanaogopa kupoteza kazi yao. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi ikitengenezwa na kompyuta, mtunzi ni yule mtu aliefanya matayarisho ya lazima ili kazi ipatikane, kwa hivo kwetu hapa mlango haujafungwa. Marekani wameenda njia nyengine: Februari 2023 ofisi yao ya hakimiliki ilikiangalia upya kitabu kimoja cha katuni ambacho picha zake zimetoka Midjourney, programu ya AI ya kuchora, ikasema maneno na mpangilio ni vya mwandishi na vinalindwa, picha zenyewe hapana. Ukisoma hivo utaona kutenganisha kunakusaidia wewe. Yule aliesema wazi hapa mimi, hapa mashine, ana kitu cha kushika. Ukienda kusajili KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, nenda na ile noti na zile rasimu.

Ukisingiziwa

Kuna siku utaandika mwenyewe, kwa jasho lako, na mtu ataandika chini "AI hii". Usimtukane. Wala usikimbilie zile programu za kupima maandishi, OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, walitoa yao wakaiondoa Julai 2023 kwa sababu haikuwa ikipata sawasawa, na hio ilikuwa kwa Kiingereza, sembuse Kiswahili cha Mvita, hiki chetu cha Mombasa. Toa picha ya daftari lenye mikato, ama voisi noti unavohangaika na kina, weka hapo kwenye komenti, andika "rasimu hii hapa kaka" na uendelee na shughuli zako. Akibisha tena mwache, wengine washaona.

Zile za zamani ulizoposti bila kusema usizifute. Anza na zinazosambazwa mpaka leo na zile ulizolipwa, hariri kapsheni, juu kabisa andika "nimeongeza maelezo:" alafu useme nani alifanya nini, na ile picha yenyewe iposti upya ikiwa na maandishi pembeni ili wanaodakua kuanzia sasa wadakue yenye lebo.